Kinga Kali Sio Kinga Poa: Zijue Seli Zinazotuliza Mwili Ukianza Kujipiga

Hebu fikiria simu yako inalia usiku, unaangalia namba unapata ni ya Sweden. Ungeshika? Mary Brunkow, mwanasayansi wa Seattle kule Marekani, hakushika. Hiyo siku ya 6 Oktoba 2025 alidhani ni matapeli, akaachana nayo. Mpigapicha wa habari alipofika kwa mlango wake alfajiri ndio alijua rada: alikuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mwenzake Fred Ramsdell ndio alikuwa ametoka hewani kabisa. Yeye na bibi yake walikuwa wameenda kutembea milimani, simu imezimwa mawasiliano. Meseji zilipoanza kumiminika kwa simu ya bibi, alipiga nduru mpaka Fred akadhani ameona dubu. Wa tatu kwa hiyo timu alikuwa Shimon Sakaguchi wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani. Yeye angalau simu ilimpata.

Sawa, stori ya dubu ni tamu. Lakini chenye hawa watatu waligundua ndicho kimetuleta hapa. Walionyesha kwamba ndani ya damu yako kuna seli ambazo kazi yao sio kupigana. Kazi yao ni kuzuia vita. Na kama unajua mtu ana lupasi, ama kuna mtoto kwa familia yenu anadungwa insulini kila siku, ama shosho yako ana vidole vimepinda sababu ya baridi yabisi, basi hii ni stori ya nyumbani kwenu. Mimi sikumaliza chuo na hii maneno nimeielewa, kwa hivyo usiogope. Twende nayo mos mos.

MWIZI! MWIZI!

Kila mtu amekulia mtaa anajua venye hii huenda. Mtu mmoja anapiga nduru, "Mwizi!" Hakuna mwenye anauliza swali. Ndani ya dakika mbili wasee wamejaa, mawe yako juu, kuna mwenye ameshaenda kutafuta tairi. Na mara ngapi umeskia baadaye ati chali mwenye alichapwa alikuwa anatoka tu job akielekea kwa keja yake?

Chenye huokoa msee kama huyo mara nyingi ni mtu mmoja. Mzee wa nyumba kumi anatokea, anaingia katikati, anasema: "Wacheni huyo. Ni kijana wa hapa, namjua tangu akiwa mdogo. Rudini manyumbani." Na kwa sababu wanamheshimu, mawe yanashuka.

Mwili wako ni huo mtaa. Virusi na bakteria ndio wezi. Kuna seli ambazo kazi yao ni kupiga nduru zikiona kitu ngeni, halafu kuna seli T, hao ndio wasee wa kujitokeza na kuchapa. Bila wao ungemalizwa na homa ndogo tu. Lakini kati ya hizo seli T kuna kikundi kidogo cha wazee wa nyumba kumi. Zinaitwa seli T za udhibiti, na kwa kifupi Tregi. Kwa damu yako ni kama asilimia 5 mpaka 10 ya kundi moja tu la seli T, lile linaitwa CD4. Ni wachache, lakini wakikosekana mtaa unachomeka.

NGORI HUANZA WAPI

Seli T huzaliwa kwa uboho wa mifupa, kisha zinaenda shule. Shule yenyewe ni kiungo kidogo kiko nyuma ya mfupa wa kifua, kinaitwa taimasi. Hapo zinapewa mtihani: zinaonyeshwa vipande vya mwili wako wenyewe. Seli yenye inataka sana kushambulia hivyo vipande inauliwa hapo hapo. Hakuna kurudia darasa.

Shida ni kwamba huo mtihani una mianya. Kuna seli hatari hupenya, zikahitimu, zikaingia mtaani. Wewe unazo saa hii. Mimi pia ninazo. Kila mtu mwenye afya fiti anatembea na seli ambazo zingeweza kumshambulia. Sababu hatujaumia ni kwamba Tregi ziko mtaani zikiwaangalia hao majamaa kila siku.

Hao wazee wakipungua, ama wakiwa wapo lakini sauti imeisha, ama mobu ikikataa kuwaskiza, hapo ndio mwili unaanza kujipiga wenyewe. Kuna zaidi ya magonjwa 80 ya aina hii, na tofauti kubwa ni nani amechapwa.

Wakichapa seli za kongosho zenye hutengeneza insulini, unapata kisukari aina ya 1. Hii sio ile ya wazee na unene. Hii mara nyingi inashika watoto na mayuth, na bila insulini ya kudungwa mtu haishi. Wakichapa viungo, hiyo ni baridi yabisi ya kinga, vidole vinafura asubuhi mpaka kufunga vifungo vya shati ni kazi. Wakichapa rangi ya ngozi, ni vitiligo. Wakichapa ganda la neva kwa ubongo na uti wa mgongo, mtu anaanza kupoteza macho ama miguu. Na lupasi ndio haina adabu kabisa: inaweza kugusa ngozi, viungo, figo, moyo, hata ubongo. Kati ya wagonjwa 10 wa lupasi, karibu 9 ni wanawake, na wengi inawapata kwa umri wa kuzaa, yaani umri wa wewe mwenye unasoma hapa.

Hakuna mtu alimtupia kitu. Hajarogwa. Na hakuambukizwa, kwa hivyo huwezi kuipata kwa kula naye sahani moja.

PANYA WA JAPANI, PANYA WA MAREKANI

Sasa hizi Tregi zilipatikana vipi? Hapa ndio stori inakuwa tamu.

Wanasayansi wa Japani walikuwa wametoa taimasi kwa panya wachanga, siku tatu baada ya kuzaliwa. Ungedhani ukitoa shule ya seli T, kinga itakuwa dhaifu. Wapi! Hao panya walianza kushambuliwa na kinga yao wenyewe. Sakaguchi, akiwa bado kijana, akajiuliza swali rahisi: kwani taimasi inatoa kitu gani kingine chenye kinatuliza? Akachukua seli T kutoka kwa panya wakubwa wa ukoo huo huo wenye afya, akawadunga wale wagonjwa. Wakatulia.

Kwa hivyo kulikuwa na wazee mahali. Lakini ni seli gani hasa? Ilimchukua zaidi ya miaka 10. Na kumbuka huo wakati watu walikuwa wameshachoka na hii mada. Wengine walikuwa wametangaza mapema sana kwamba wamepata seli za kutuliza, ushahidi ukaanguka, na uwanja wote ukabaki na jina baya. Kuendelea kuchimba hapo ilikuwa kama kuanzisha biashara mahali watu watatu wameshafunga. Mwaka wa 1995 Sakaguchi akatoa jibu: ni seli T za CD4 zenye zimebeba alama nyingine juu, inaitwa CD25. Wengi bado wakasema tuonyeshe zaidi.

Sasa vuka bahari. Miaka ya 1940, kwa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, watu walikuwa wanachunguza madhara ya mionzi, ile kazi iliyokuja na bomu la atomiki. Bila mtu kupanga, kukazaliwa panya dume wagonjwa sana: ngozi inababuka, wengu na matezi yamevimba, wanakufa wakiwa na wiki chache tu. Majike hawakuugua, lakini waliipitisha kwa watoto. Hiyo iliwaambia shida iko kwa kromosomu X, ambayo dume anayo moja tu.

Miaka 50 baadaye Brunkow na Ramsdell walikuwa kwa kampuni ndogo ya dawa jimbo la Washington. Wakaamua watatafuta ni jeni gani imeharibika kwa hao panya. Leo kompyuta ingekufanyia haraka. Wakati huo ilikuwa ni kupepeta mchele punje kwa punje. Walipunguza kromosomu nzima mpaka wakabaki na jeni 20. Wakazipima moja baada ya nyingine, na yenye ilikuwa imeharibika ilikuwa ya 20, ya mwisho kabisa. Wakaiita Foxp3. Mwaka huo huo wa 2001 wakaonyesha kwamba jeni hiyo ikiharibika kwa binadamu inaleta ugonjwa unaoitwa IPEX. Mtoto mvulana anazaliwa, na ndani ya miezi anaharisha bila kuacha, ngozi inatoka ukurutu, na anaweza kupata kisukari akiwa bado ananyonya.

Mwaka wa 2003 vipande viwili vikaungana. Sakaguchi na wenzake wakaonyesha kwamba Foxp3 ndio swichi yenye inafanya seli T iwe Tregi. Panya wa Japani na panya wa Marekani walikuwa wanalia kitu kimoja: hakuna wazee mtaani.

VENYE WAZEE HUTULIZA MOBU

Usidhani Tregi zinakuja tu kuhubiri amani. Ziko na mbinu, na hapa nitakupa tatu.

Ya kwanza, wanamanga chakula ya mobu. Seli T za kupigana zinahitaji kitu kinaitwa intalukini 2 ndio zizaane na zipate nguvu. Sasa ile alama ya CD25 kwa Tregi ni sehemu ya mdomo wa kumezea hiyo intalukini. Tregi zinaifyonza yote, wapiganaji wanabaki na njaa.

Ya pili, wanamnyamazisha mwenye alipiga nduru. Tregi zinashika zile seli za kupiga kelele na kuzing'oa vitu zinazotumia kuita wengine. Ni kama kumnyang'anya msee kipaza sauti.

Ya tatu, wanamwaga maji baridi. Wanatoa kemikali za kutuliza zenye zinaambia kila seli karibu: vita imeisha, anzeni kurekebisha.

DAWA ZA SAA HII: KUZIMA STIMA YA PLOTI NZIMA

Ukienda hosi leo na moja ya haya magonjwa, utapata usaidizi wa kweli. Lakini dawa nyingi zinafanya kazi kwa kushusha kinga yote. Prednisoni, kwa mfano, ni steroidi inazima moto haraka sana na imeokoa maisha mingi. Ukiitumia muda mrefu, uso unafura, sukari inapanda, mifupa inakuwa laini, na magonjwa madogo yanakupata kwa urahisi. Ni kama kuzima stima ya ploti nzima kwa sababu keja moja inapiga muziki usiku. Kelele inaisha, lakini hata soja wa geti amebaki kwa giza.

Kwa lupasi kuna haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya malaria ya kitambo. Uliza mathe wako, atakuambia ile ilikuwa inamfanya ajikune mwili mzima. Hii ndugu yake ni dawa ya msingi ya lupasi dunia nzima, na sio mpya wala ya ajabu.

Kwa kisukari aina ya 1, insulini inarudisha chenye kimepotea. Lakini haigusi sababu. Ni kama kununua vioo vipya kila siku bila kuongea na wenye wanarusha mawe.

Ndio maana Tregi zimeleta moto kwa dunia ya tiba. Badala ya kuzima kila kitu, mbona tusirudishe wazee?

NJIA TATU ZA KURUDISHA WAZEE

Njia ya kwanza ni kuwalisha. Unakumbuka intalukini 2? Tangu 1992 Marekani imeikubali kama dawa ya saratani ya figo, kwa dozi kubwa ya kuamsha wapiganaji. Lakini Tregi zina mdomo mkali kuliko wapiganaji, kwa hivyo ukipeana dozi ndogo sana, wao ndio wanaipata kwanza. Dawa ile ile, dozi tofauti, kazi kinyume. Mwaka wa 2011 madaktari wa Paris waliijaribu kwa wagonjwa 10 wenye mishipa ya damu ilikuwa inashambuliwa na kinga. Tregi ziliongezeka, na 8 kati yao wakapata nafuu. Tangu hapo imejaribiwa kwa lupasi na magonjwa mengine. Kuna matokeo yametia moyo, na kuna mengine hayajafika pahali watu walitarajia.

Njia ya pili ni kuwakuza. Wanakutoa damu, wanachagua Tregi zako, wanazilea kwa maabara mpaka ziwe nyingi, halafu wanakurudishia. Kwa sababu ni zako, mwili hauzikatai. Gdańsk, Poland, mwaka wa 2012 waliripoti kuwapa watoto 10 wenye kisukari aina ya 1, na seli zao za insulini zikaonekana kushikilia kwa muda. San Francisco, mwaka wa 2015 wakaripoti watu wazima 14. Dozi ya juu ilikuwa Tregi bilioni 2.6 kwa mtu mmoja! Hakukuwa na madhara makubwa ya kutokana na hizo seli, na kwa wengine ziliendelea kuonekana kwa damu hata mwaka mmoja baadaye.

Hapo ungetamani niseme, "na sasa wamepona." Hapana. Utafiti mkubwa zaidi ulifanywa Marekani kwa watoto na vijana 110 wa umri wa miaka 8 hadi 17 wenye kisukari walikuwa wamegunduliwa karibuni. Matokeo yalichapishwa 2024: seli zilikuwa salama, lakini hazikuzuia kongosho kuendelea kuharibika. Hiyo iliuma watu wengi.

Mbona ikakataa? Sababu moja yenye wataalamu wanaitaja sana ni hii: hizo Tregi zilikuwa za jumla. Chukua wazee wa nyumba kumi wa Kayole, wote na heshima zao, uwamwage Kilimani usiku mobu ikiwa imewaka. Wataokoa nani? Hawajui mtu yeyote pale.

Ndio tukafika njia ya tatu: kuwapa anwani. Tregi inatolewa, inapachikwa kipokezi kipya kwa maabara chenye kinaijulisha pahali hasa pa kwenda, labda kwa kiungo kimefura, labda kwa figo iliyopandikizwa. Inafika, inasimama hapo hapo, inatuliza huo mtaa tu. Seli za kupigana na virusi kwa sehemu zingine za mwili zinaendelea na kazi. Ramsdell mwenyewe ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Sonoma Biotherapeutics yenye inajaribu hii kwa baridi yabisi. Bado ni majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa wachache.

Na usichanganye hii na ile stori ya Ujerumani yenye huzunguka kwa mitandao. Kule Erlangen, tangu 2021, madaktari wamekuwa wakitumia seli T za kuua, zimetengenezwa kufagia seli B zenye hutengeneza silaha za lupasi. Mwaka wa 2024 waliripoti wagonjwa 15, lupasi na magonjwa mengine mawili yakiwemo, na wote walikuwa wameacha dawa za kushusha kinga. Ni kitu kikubwa sana. Lakini hiyo ni kufagia. Tregi ni kupatanisha. Ni barabara mbili tofauti zinaelekea mji mmoja.

USIKU WENYE LONDON HAITASAHAU

Kabla uanze kuota, skia hii. Machi 2006, London, vijana wanaume 6 wenye afya walijitolea kujaribu dawa inaitwa TGN1412 kwa malipo. Kwa wanyama, hiyo dawa ilikuwa imeongeza Tregi vizuri. Kila mtu alitarajia itatuliza kinga. Wakadungwa mmoja baada ya mwingine, dakika chache tu kati yao.

Haikufika hata saa mbili, wote 6 walikuwa wanatetemeka, vichwa vinapasuka, wanatapika. Badala ya kuamsha wazee, dawa iliamsha mobu yote kwa wakati mmoja. Viungo vya ndani vikaanza kufeli. Walipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, na kwa bahati wote walitoka hai, ingawa mmoja alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono. Baada ya hapo sheria za majaribio ya kwanza kwa binadamu zilibadilika: siku hizi unaanza na mtu mmoja, unangoja, ndio uguse wa pili.

Tena kuna shida nyingine. Wazee wakizidi nguvu, wanaweza kulinda mtu mbaya. Saratani nyingi hufanya hivyo: zinavuta Tregi nyingi karibu nazo, na Tregi zinaambia wapiganaji "wacheni huyo, ni wetu." Kwa hivyo wanasayansi wa saratani wanatafuta jinsi ya kuwatoa hao wazee, wakati wa lupasi wanatafuta jinsi ya kuwaleta. Hii kitu inataka kipimo.

SASA SKIA HII KUHUSU "KUONGEZA KINGA"

Na hapa ndio nilitaka tufike. Tangu corona ya 2020, kila kona ya mtaa kuna mtu anakuuzia kitu cha kuongeza kinga. Poda, matone, majani, chupa ya kijani ya shilingi elfu tatu. Klipu ya dakika moja, mama anasema alikuwa na ugonjwa wowote ule na sasa yuko fiti.

Umeshaona shida iko wapi? Mtu mwenye lupasi hana kinga ndogo. Shida yake ni kinga imekosa mtu wa kuiambia basi. Mtoto mwenye kisukari aina ya 1 hajaishiwa na wapiganaji. Wapiganaji wamejaa, wanachapa kongosho. Kumwambia huyo mtu aongeze kinga ni kama kufika pahali mobu iko na mawe mkononi, halafu unawaletea lori ya mawe mengine.

Na sio mfano tu. Wagonjwa wa lupasi hushauriwa wakae mbali na vidonge vya alfalfa, kwa sababu vina kemikali inaweza kuamsha ugonjwa. Alfalfa ni nini? Ni lusani, ile chakula ya ng'ombe wa maziwa. Inawekwa kwa chupa ikiwa na picha ya jani, inauzwa kama uzima.

Chai ya tangawizi na ndimu haina noma, kunywa uskie joto. Noma ni pale mtu anaacha dawa zake. Mtu wa lupasi akiacha dawa kwa sababu ya chupa ya kijani, figo zinaweza kuharibika bila hata maumivu ya kumuonya, na siku anaskia vibaya ameshafika kwa mashine ya kusafisha damu. Mtoto akinyimwa insulini, ni suala la siku, sio miezi.

KWA HIVYO UFANYE NINI

Kwanza, jua dalili, kwa sababu wengi hupelekwa wakitibiwa malaria na taifodi kwa miezi. Ukiona mdogo wako anakunywa maji kama hana mwisho, anakojoa kila saa, mtoto mwenye alikuwa ameacha ameanza tena kukojoa kitandani, na anakonda huku anakula vizuri, usingoje wiki. Mpeleke hosi leo wampime sukari. Ni tone moja la damu na jibu ni la dakika moja. Akianza kutapika na kupumua kwa nguvu, hiyo ni dharura.

Uchovu wenye haumaliziki na usingizi, viungo vinauma na kufura wiki baada ya wiki, nywele zinatoka, vidonda vya mdomo, upele kwa mashavu na pua ukipigwa na jua: mwambie daktari neno lupasi kwa mdomo wako. Kwa ngozi nyeusi huo upele hauwi mwekundu kama wa picha za vitabu, unaweza kuwa tu weusi zaidi ama zambarau, na ndio maana huwa unapitwa. Ukiweza, omba akutume kwa daktari wa viungo.

Pili, mtu akikuambia kuna mahali wanadunga "seli" na kuponya kisukari ama lupasi kwa doh, muulize maswali. Tregi kama tiba bado iko kwa majaribio. Kwa utafiti wa kweli unasaini karatasi zenye zinaeleza hatari, na huambiwi uuze shamba.

Tatu, bei. Hapa tuongee ukweli. Tiba ya kwanza ya seli T zilizotengenezwa ya saratani, Kymriah, ilipokubaliwa Marekani 2017 ilikuwa dola 475,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 60 kwa dola ya saa hii. Kila mgonjwa anatengenezewa dozi yake peke yake kwa maabara, ndio maana. Tiba za Tregi zikifaulu leo, msee wa Githurai hatazigusa kesho. Hiyo ndio kazi ingine inangoja, na sio ya wanasayansi peke yao. Ni ya wenye hupanga pesa za afya, na ni ya wewe kuwauliza.

Lakini usikate tamaa. Mwaka wa 1921 insulini ilikuwa kitu cha maabara moja Toronto, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa. Leo iko kwa friji za hospitali za kaunti. Kazi iliyobaki kwa mtu mwenye ugonjwa ni kubaki salama, figo zikiwa zima, macho yakiwa mazima, mpaka siku hiyo kitu ifike. Na chenye kinamfikisha huko ni dawa yenye anayo saa hii mkononi.

Kwa hivyo ukiwa na beste wa lupasi mwenye ameanza kusema dawa zimemchosha, ama cuzo mwenye mathe yake amenunuliwa chupa ya kijani, mtumie hii. Mwambie hivi: mwili wako sio dhaifu, ni vile wazee wa mtaa wamelemewa. Kuna watu wanatafuta njia ya kuwarudisha. Wewe meza dawa yako, na usiongeze mawe.